Nyumba na Siri Zake: Riwaya za Ayalandi Mbele ya Historia

Mheshimiwa Mwenyekiti, walimu wangu, waandishi wenzangu, na ninyi nyote wapenzi wa riwaya mliofika jioni ya leo,

Nimeombwa nizungumze juu ya riwaya zinazohusu Ayalandi na historia yake yenye machungu. Mada hii ni pana kuliko muda niliopewa, kwa hiyo nimeamua kushika hoja moja na kuifuata. Hoja yenyewe ni kwamba riwaya bora za Ayalandi kuhusu njaa, uasi na vita hazikai sana kwenye uwanja wa vita. Zinakaa nyumbani. Zinamweka msomaji jikoni, sebuleni na mezani pa chakula, mahali ambapo watu wote wanalijua jambo fulani na wamekubaliana, bila kikao chochote, kwamba halitatajwa. Risasi hulia nyuma ya miti au mtaa wa pili, na mwandishi huzisikia kama wanavyozisikia wahusika wake. Kinachomshughulisha hasa ni kile kinachobaki ndani ya familia miaka thelathini baada ya silaha kuwekwa chini.

Kwa wale ambao historia ya kisiwa hicho ni ngeni kwao, nitapita haraka. Kuanzia mwaka 1609 ufalme wa Uingereza uligawa ardhi ya Ulster, upande wa kaskazini, kwa walowezi Waprotestanti kutoka Uskoti na Uingereza, na wenyeji Wakatoliki wakasukumwa kwenye ardhi duni au wakawa wapangaji katika mashamba yaliyokuwa ya babu zao. Tarehe 1 Januari 1801 Sheria ya Muungano ilianza kutumika, bunge la Dublin likafutwa, na kisiwa kizima kikatawaliwa kutoka London. Kati ya mwaka 1845 na 1852 ikaja Njaa Kuu. Katika wiki ya Pasaka ya mwaka 1916 wapigania uhuru waliteka Posta Kuu ya Dublin na kutangaza jamhuri, wakashindwa kabla ya wiki kwisha. Vita vya uhuru vikapiganwa kuanzia 1919 hadi 1921. Mkataba wa Desemba 1921 ukazipa kaunti 26 serikali yao, huku kaunti 6 za kaskazini zikibaki chini ya Uingereza. Kisha walioukubali mkataba huo na walioukataa wakageuziana bunduki hadi mwaka 1923. Kaskazini nako, tangu mwishoni mwa miaka ya 1960 hadi Mkataba wa Ijumaa Kuu wa tarehe 10 Aprili 1998, watu zaidi ya 3,500 waliuawa katika eneo lenye wakazi milioni moja na nusu hivi.

Mfano wangu wa kwanza ni wa James Joyce, kwa sababu ndio unaoonyesha waziwazi kile ninachokisema. Katika riwaya yake ya kwanza, iliyotoka kama kitabu mwaka uleule wa 1916, mtoto Stephen anaruhusiwa kwa mara ya kwanza kuketi na watu wazima kwenye chakula cha Krismasi. Bata mzinga yupo mezani, mchuzi upo, baba amekuwa mcheshi. Kisha anatajwa Charles Stewart Parnell, kiongozi aliyekaribia kuipatia Ayalandi serikali ya ndani, ambaye aliangushwa baada ya uhusiano wake na mke wa mtu kufichuliwa mahakamani na maaskofu kumkana, na ambaye alifariki Oktoba 1891. Mwanamke mmoja mezani anawatetea mapadre. Mgeni wa kiume anamtetea marehemu. Sauti zinapanda, kiti kinasukumwa, mwanamke anatoka kwa hasira akipiga kelele za ushindi, na mgeni anabaki akimlilia mfalme wake aliyekufa. Mtoto anainua macho na kumwona baba yake akitokwa na machozi. Joyce hamweki Parnell jukwaani hata mara moja, wala haelezi mswada wowote wa bunge. Hata hivyo, sijui ukurasa wa historia unaoeleza vizuri zaidi jinsi taifa lilivyopasuka kuliko chakula hicho cha Krismasi kilichoharibika.

Mtindo huu una mizizi mirefu. Mwaka 1800, huku Sheria ya Muungano ikijadiliwa, Maria Edgeworth, binti wa mwenye ardhi wa kaunti ya Longford, alitoa riwaya fupi iitwayo Castle Rackrent. Anayesimulia ni Thady Quirk, mtumishi mzee anayeeleza habari za mabwana wanne wa ukoo mmoja, na ambaye kila akifungua kinywa anausifu ukoo huo. Lakini sifa zake zina makali. Bwana wa kwanza alikunywa hadi kufa, wa pili alipenda kesi mahakamani kuliko chakula, wa tatu alimfungia mkewe chumbani kwa miaka, na wa nne akafilisika. Mzee Thady anayaeleza yote hayo kwa unyenyekevu mkubwa, huku mwanawe Jason, aliyesomea sheria, akiinunua mali yote kipande baada ya kipande. Je, mzee huyu ni mjinga mwaminifu, au ni mjanja anayejua anachokifanya? Wahakiki wamebishana kwa muda mrefu. Mimi naegemea upande wa ujanja, kwani mtu anayetandika kitanda na kubeba taa huona mengi, na methali yetu isemayo kwamba aibu ya maiti aijuaye mwosha ingemfaa sana mzee huyo.

Sasa nije kwenye Njaa Kuu, ambako hoja yangu inapata mtihani mgumu, maana njaa ni jambo kubwa kiasi kwamba nyumba moja huenda ikaonekana ndogo mno kulibeba. Mwaka 1845 ugonjwa wa ukungu uliingia katika mashamba ya viazi mviringo, chakula ambacho mamilioni ya wakulima maskini walikitegemea karibu peke yake. Nafaka na mifugo viliendelea kupakiwa melini kwenda Uingereza, kwa sababu hivyo vilikuwa bidhaa na njia ya kulipia kodi ya ardhi. Mwaka 1847 sheria ikaongezwa kwamba anayemiliki zaidi ya robo eka hawezi kupewa msaada, kwa hiyo mtu alitakiwa achague kati ya shamba na uji. Watu wapatao milioni moja walikufa na wengine zaidi ya milioni moja wakahama. Sensa ya mwaka 1841 ilihesabu watu zaidi ya milioni 8; ile ya mwaka 1851 ilihesabu milioni 6 na nusu; na hata leo, ukijumlisha kusini na kaskazini, kisiwa hakijarudi pale kilipokuwa mwaka 1841.

Liam O'Flaherty, mzaliwa wa visiwa vya Aran, aliandika riwaya yake ya njaa mwaka 1937, takriban karne moja baadaye. Angeweza kuanza na mawaziri wa London. Badala yake anaanza katika nyumba ya mkulima Brian Kilmartin, ambamo kuna mgonjwa wa kifua kikuu, mkwe wa kike anayeitwa Mary aliye na nguvu kuliko wanaume wote wa nyumba hiyo, na mvutano wa kawaida kabisa juu ya nani mwenye amri pale jikoni. Viazi vinapooza, mvutano ule ule unageuka kuwa suala la nani ataishi. Mary ndiye anayeona mapema kwamba adabu za kijiji, subira na utii kwa kabaila na padre, zitawaua wote, na ndiye anayekazania kuondoka kwenda Amerika. Mzee hawezi kuiacha ardhi yake. O'Flaherty hana huruma ya bei rahisi. Anaonyesha kwamba kila mmoja wao ana haki, na kwamba njaa haijali nani ana haki. Kuna kurasa ambamo mwandishi anasimama na kuhutubia kuhusu siasa, na hizo, kwa maoni yangu, ndizo zilizozeeka haraka. Kurasa za jikoni hazijazeeka.

Joseph O'Connor, aliyeandika mwanzoni mwa karne hii, alifanya tofauti katika Star of the Sea. Aliichukua njaa na kuipakia melini. Mwaka ni 1847, meli inakwenda New York, na nahodha anaandika kila siku majina ya waliokufa katika tabaka la chini huku abiria wachache wa daraja la kwanza wakila chakula cha jioni. Kuna mauaji, barua, nyimbo za mitaani na kumbukumbu za mashahidi, na msomaji anayependa upelelezi atafurahi. Lakini ukiutazama moyo wa kitabu utakuta nyumba tena. Bwana Merridith aliyefilisika, Mary Duane ambaye sasa ni yaya wa watoto wake, na Pius Mulvey anayetumwa kumuua bwana huyo, wote wametoka sehemu moja ya Connemara, magharibi mwa Ayalandi, na wanadaiana mambo ya mapenzi na usaliti yaliyotangulia njaa. Bahari ya Atlantiki haikuwatosha kukimbiana.

Upande wa pili wa uzio kulikuwa na majumba makubwa ya makabaila Waprotestanti, na ni haki kusema kwamba nayo yalipata waandishi wake wazuri. Elizabeth Bowen, aliyekulia katika jumba la namna hiyo huko Cork, alichapisha The Last September mwaka 1929. Mwaka unaosimuliwa ni 1920. Jioni wanacheza tenisi, wanawaalika maofisa vijana wa jeshi la Uingereza, wanajadili nguo, na kila mtu anafanya juhudi kubwa ya kutosikia malori ya doria barabarani wala kuuliza ni nani aliyepita bustanini usiku akiwa amevaa koti la mvua. Mwishoni jumba linachomwa moto. J. G. Farrell alilichukua wazo hilohilo katika Troubles, ya mwaka 1970, na kulifanya kichekesho chenye uchungu: hoteli kubwa ya pwani inayobomoka, paka wanaoongezeka kwenye vyumba vya juu, mimea inayopasua sakafu, na wazee wa Kiingereza wanaocheza karata huku dola inaondoka chini ya miguu yao. Riwaya hiyo ilipewa mwaka 2010 tuzo maalumu ya Booker kwa vitabu vya mwaka 1970 ambavyo havikuwahi kushindanishwa, miaka mingi baada ya mwandishi kufa maji huko Bantry mwaka 1979. Bowen anawapenda watu wake na anawahukumu. Farrell anawacheka na kuwahurumia. Mimi humrudia Bowen mara nyingi zaidi, kwa sababu ukimya wake ni wa mtu aliyeishi ndani yake.

Kuhusu uasi wa Pasaka wa mwaka 1916 kuna maktaba nzima, na sehemu kubwa yake ni sanamu za mashujaa. Yule aliyenisaidia kuuona uasi huo upya ni Sebastian Barry, katika A Long Long Way ya mwaka 2005. Mhusika wake, Willie Dunne, ni kijana wa Dublin aliyejiunga na jeshi la Uingereza kwenda kupigana na Wajerumani, kama walivyofanya Waayalandi wapatao 200,000 katika vita hivyo. Baba yake ni mkuu katika polisi ya Dublin. Willie yuko likizo, anarudi bandarini kupanda meli, na hapo ndipo anapoamriwa kushuka na kuelekezewa bunduki mitaa ya mji wake mwenyewe. Anamshuhudia kijana mwasi akifa mbele yake, na hajui tena adui ni nani. Baadaye anamwandikia baba yake barua yenye chembe ya huruma kwa waasi, na baba, mtu mtiifu kwa mfalme, hawezi kumsamehe. Hapo pana riwaya nzima: barua moja kutoka mahandakini Ubelgiji na baba mmoja aliyeisoma. Ayalandi huru ilijenga makumbusho kwa waliopigana Posta Kuu, na kwa miongo mingi haikuwa na maneno ya kuwaambia waliorudi kutoka Ufaransa na Ubelgiji. Barry alitoka katika ukoo wenye watu wa aina hiyo, na vitabu vyake vingi vinawatafuta jamaa walioondolewa kwenye hadithi rasmi.

Niruhusuni nichepuke kidogo, maana mwaka huohuo wa 1916 una uzi unaofika Afrika. Roger Casement, mzaliwa wa Dublin na balozi mdogo wa Uingereza katika Dola Huru ya Kongo, ndiye aliyeandika ripoti ya mwaka 1904 iliyofichua jinsi watu wa mto Kongo walivyokatwa mikono, kuchukuliwa mateka na kuuawa kwa ajili ya mpira wa Mfalme Leopold. Mtu huyo alipewa cheo cha heshima na Uingereza mwaka 1911, na tarehe 3 Agosti 1916 Uingereza hiyohiyo ikamnyonga katika gereza la Pentonville, London, kwa kutafuta silaha za Wajerumani kwa ajili ya uasi. Mwandishi wa Peru, Mario Vargas Llosa, alimtungia riwaya mwaka 2010. Ningetamani kuisifu zaidi ya ninavyoweza. Ina utafiti mwingi, inamfuata Casement kutoka Kongo hadi Amazonia hadi kitanzini, lakini mara nyingi inaeleza pale ambapo ilipaswa kuonyesha. Riwaya ya Casement ambayo msomaji wa Kisangani au Bukavu angejiona ndani yake bado inasubiri mtunzi, na haielekei kwamba atakuwa mtu wa Dublin.

Tukirudi kisiwani, kuna mhusika mmoja anayetisha kuliko askari yeyote wa Kiingereza, naye ni msaliti. Kikulacho ki nguoni mwako, na Waayalandi wameligeuza jambo hili kuwa tawi zima la fasihi yao. O'Flaherty, kabla ya kuandika juu ya njaa, alitoa mwaka 1925 The Informer, ambamo Gypo Nolan, jitu lenye nguvu na akili nzito, anamuuza rafiki yake kwa polisi kwa paundi ishirini na kuzitapanya usiku mmoja katika mitaa ya Dublin. Ni kitabu cha kelele na jasho, na John Ford alikifanya filamu maarufu mwaka 1935.

Lakini kitabu kinachoufikisha usaliti mahali pake halisi, yaani ndani ya ndoa na kati ya mama na mwana, ni Reading in the Dark cha Seamus Deane, kilichochapishwa mwaka 1996, na hapa nitakaa kidogo. Msimulizi ni mvulana asiye na jina, katika familia ya Kikatoliki ya mji wa Derry, miaka ya 1940 na 1950. Anasikia kwamba ami yake Eddie, ndugu wa baba yake, alitoweka mwaka 1922 baada ya mapigano ya risasi kwenye kiwanda cha pombe. Wengine husema alikimbilia Chicago. Wengine husema hawajui. Polepole, kwa vipande vya maneno ya shangazi, ya kichaa wa mtaani, ya polisi mwenye chuki, mvulana anagundua kwamba Eddie aliuawa na wenzake kama msaliti, kwamba hakuwa msaliti, na kwamba aliyeamuru auawe ni baba wa mama yake mwenyewe. Msaliti halisi alikuwa mtu mwingine, ambaye mama aliwahi kumpenda na ambaye yeye ndiye aliyemwonya akimbie. Baba hajui yote. Mama anajua yote, na anajua kwamba mwanawe anajua. Tangu hapo wanaishi nyumba moja wakiogopana.

Tendo moja la mvulana huyo limenibakia kuliko mengine. Akiwa hawezi kusema wala kunyamaza, anaiandika hadithi nzima kwa Kiingereza, anaitafsiri kwa Kiayalandi, lugha ambayo wazazi wake hawaielewi, anaichoma ile ya Kiingereza, kisha anawasomea kwa sauti, akidai ni insha ya shule kuhusu historia ya mtaa wao. Baba anasikiliza kwa fahari na kumpongeza. Mama hajaelewa neno, lakini ameelewa. Deane alikuwa mhakiki na profesa, na alijua nadharia zote kuhusu ukoloni na lugha. Jambo la kushangaza ni kwamba hakuziweka hata moja kitabuni. Aliweka baba mwenye fahari na mama aliyetahayari. Machafuko ya Derry yenyewe, tuliyoyaona kwenye picha za habari, yanaingia mwishoni kabisa na kwa ufupi, kama matokeo ya jambo lililoanza zamani.

Nchi iliyopata uhuru wake nayo ilipenda ukimya, tena kwa sheria. Sheria ya udhibiti wa machapisho ya mwaka 1929 iliipa bodi mamlaka ya kupiga marufuku kitabu chochote ilichokiona kichafu, na sehemu kubwa ya waandishi bora wa Ayalandi ikapitia mikononi mwake. Riwaya ya kwanza ya Edna O'Brien, The Country Girls, ilipigwa marufuku mwaka 1960 kwa sababu iliwaonyesha wasichana wawili wenye tamaa za kawaida za wasichana. Miaka mitano baadaye ikafuata riwaya ya pili ya John McGahern, The Dark, na mwandishi, aliyekuwa mwalimu wa shule ya msingi, akapoteza kazi yake.

McGahern hakujibu kwa makelele. Mwaka 1990 alitoa Amongst Women, ambayo mimi naiweka juu kuliko zote ninazozitaja leo. Michael Moran aliwahi kuongoza wapiganaji wa msituni katika vita vya uhuru. Sasa ni mkulima mzee, na ufalme aliobakiwa nao ni shamba lake, mke wake wa pili Rose, binti watatu na wana wawili. Kila jioni anawapigisha magoti wasali rozari. Anapokuwa na furaha nyumba hung'aa, anapokasirika hakuna anayepumua. Kila anayesoma kitabu hiki anamtambua Moran mara moja, kwa sababu wazee waliorudi kutoka msituni na kushindwa kurudi nyumbani hawapo Ayalandi tu. Vita vyenyewe anavizungumzia kidogo sana, na anapovizungumzia ni kwa dharau: walipata nini, anauliza, ikiwa nafasi za juu zimechukuliwa na watu wao wenyewe badala ya Waingereza, na watoto wake wengi wanafanya kazi Uingereza? Mwana mkubwa, Luke, amekimbilia London na hataki kurudi. Mabinti wanamwogopa na wanampenda, na McGahern hakubali tuwaone kama wajinga kwa hilo. Kitabu ni cha kurasa chache, hakina tukio kubwa lolote, na bado mtu akikimaliza anajua mapinduzi yaligeuka kuwa nini ndani ya kuta za nyumba.

Kuhusu machafuko ya kaskazini yaliyodumu miaka thelathini, rafu za maduka zilijaa riwaya za kusisimua zenye mabomu na majasusi, na nyingi kati yake hazistahili muda wenu, kwa sababu mtu wa Belfast ndani yake ni ama mwendawazimu ama shujaa. Bernard MacLaverty alikuwa tofauti. Katika Cal, ya mwaka 1983, kijana aliyeendesha gari siku polisi wa akiba alipopigwa risasi mlangoni pake anaajiriwa katika shamba la familia ya marehemu na kumpenda mjane. Wapo wanaoona mpangilio huo ni wa kubuni mno. Nami naona hivyo kidogo, lakini hatia ya kijana huyo, anayekaribia kushukuru anapokamatwa, imeandikwa kwa mkono usiotetemeka.

Kisha mwaka 2018 akaja Anna Burns, mzaliwa wa Ardoyne, Belfast, na Milkman, na Tuzo ya Booker ikaenda Ayalandi ya Kaskazini kwa mara ya kwanza. Ndani ya riwaya hiyo karibu hakuna jina. Mji hautajwi, dini hazitajwi, Uingereza ni nchi iliyo ng'ambo ya maji, na msimulizi ni "dada wa kati" tu, msichana wa miaka 18 anayependa kutembea huku akisoma riwaya za karne ya 19. Mwanamgambo mwenye umri wa miaka 41, anayeitwa muuza maziwa ingawa hauzi maziwa, anaanza kumfuata. Hamgusi. Anasimamisha gari, anaonyesha kwamba anajua ratiba yake, na mtaa mzima unaamua kwamba wana uhusiano. Uvumi unafanya kazi ambayo bunduki haikuhitaji kuifanya. Rafiki wa kiume wa msichana anaingia matatani kwa sababu tu ana kipuri cha gari la Kiingereza, na majirani wanaanza kuuliza kama kipuri hicho kilikuja na bendera. Katika darasa la Kifaransa mwalimu anawaambia wanafunzi watazame nje dirishani, na wanakataa kukubali kwamba mbingu ina rangi nyingine zaidi ya bluu, maana kukubali kungekuwa hatari. Wako wanaolalamika kwamba sentensi za Burns ni ndefu na zinazunguka. Zinazunguka kweli, hivyo ndivyo anavyoongea mtu ambaye kila neno lake linaweza kupelekwa mahali.

Huenda mtu akauliza kama hoja yangu inahusu vita peke yake. Claire Keegan anajibu. Small Things Like These, ya mwaka 2021, ni novela ya kurasa zisizozidi 130 kuhusu muuza makaa ya mawe katika mji wa New Ross, wiki za Krismasi ya mwaka 1985. Bill Furlong anapeleka makaa kwenye nyumba ya watawa na kumkuta msichana aliyefungiwa bandani. Nyumba za namna hiyo, ambamo wanawake na wasichana walifungiwa na kufulishwa nguo bila malipo, zilikuwako kweli. Ya mwisho ilifungwa Dublin mwaka 1996, na waziri mkuu Enda Kenny aliwaomba radhi walionusurika kwa niaba ya serikali mwaka 2013. Keegan hawaandiki watawa kama mashetani. Anaandika majirani: mwenye mgahawa anayemshauri Furlong kwa upole asijiharibie, mke anayemkumbusha kwamba wana mabinti watano wa kusomesha, na shule nzuri ya wasichana inaendeshwa na watawa haohao. Hakuna anayemtishia. Kila mmoja anamtakia mema, na ndiyo maana ni vigumu sana kwake kutenda jambo jema.

Mwenyekiti ananionyesha saa, na walimu waliniomba nipendekeze mpangilio wa kusoma. Anzeni na Keegan, kwa sababu ni fupi na lugha yake ni nyepesi kwa mwanafunzi. Kisha McGahern, mara mbili ikiwezekana. Deane afuate, na msomaji awe na karatasi ya kuchorea nani ni ndugu wa nani, kwani atapotea. Burns ni wa watu wenye subira. O'Flaherty na O'Connor wasomwe pamoja, mmoja baada ya mwingine, mjadili kama njaa inasimuliwa vizuri zaidi shambani au melini. Najua nitakakosimama, lakini nataka kuwasikia ninyi kwanza. Edgeworth mwacheni hadi mwisho, mkishawajua watumishi na mabwana wa waliomfuata. Nawashukuru kwa kunisikiliza, na sasa niko tayari kwa maswali.